Novemba Hadi Julai: Kumwandalia Njia Kijana wa Mafia

Mtihani wa kidato cha nne huisha mwezi wa Novemba. Matokeo hutangazwa Januari, na waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Katikati pana miezi saba. Dar es Salaam miezi hiyo hujazwa na kozi fupi za kompyuta, tuisheni ya kutangulia masomo ya kidato cha tano, na kazi za dukani kwa ami au mjomba. Mafia kijana hurudi kwenye mashua ya babaye au kwenye minazi ya ukoo, na mara nyingi hana mtu wa kumwambia kuwa dirisha la kubadili machaguo ya tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano) na vyuo limefunguliwa na litafungwa baada ya wiki chache. Akija kupata habari, limekwisha fungwa.

Wengi wenye akili nzuri hupotelea hapo. Hawapotei kwa kukosa kipaji, wala kwa uvivu ambao wazee hupenda kuusingizia. Hupotea kwa sababu njia ya kutoka kwenye kitu anachokipenda mtoto hadi kwenye chuo kinachofundisha kitu hicho haijaonyeshwa na mtu yeyote, na muda wa kuionyesha umepita. Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, mwalimu au kaka mkubwa ambaye ana kijana wa miaka 13 hadi 19 nyumbani, awe Kilindoni, Kirongwe, Bweni, Utende au ng'ambo ya maji Chole, Juani na Jibondo. Hautaki kumtoa mtoto baharini. Unataka anayebaki abaki kwa kuchagua, na anayekwenda chuo aende akijua anakokwenda.

Wilaya ni ndogo lakini inakua haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 66,000. Kazi za kuwatosha vijana wote kwenye pweza na nazi hazipo.

Kumtazama kabla ya kumuuliza

Mtu mzima akikutana na kijana humuuliza swali moja: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Kijana hujibu daktari, rubani au mwanajeshi, maana ndizo kazi alizosikia zikitajwa kwa heshima. Jibu hilo halimsaidii mzazi sana. Kinachosaidia ni kumtazama mtoto kwa miezi kadhaa na kuona anafanya nini pasipo kutumwa. Yupo anayefungua redio iliyokufa ili aone ndani mna nini. Yupo anayejua kupiga hesabu ya safari nzima kichwani: petroli lita ngapi, barafu shilingi ngapi, pweza kilo ngapi, kila mtu anaondoka na nini. Yupo ambaye watoto wa jirani wakilia hukabidhiwa yeye, na wakanyamaza. Yupo anayesikiliza wageni pale Utende na baada ya wiki anaigiza Kiitaliano chao.

Mzazi achukue daftari la kawaida aandike anachokiona, pamoja na tarehe. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litamwambia mengi ambayo ripoti ya shule haisemi. Ripoti husema mtoto amepata D ya Hisabati. Daftari litasema kwamba mtoto huyo huyo ndiye anayewapigia hesabu wavuvi watatu, na hapo mwalimu na mzazi wana jambo la kuzungumza: shida iko kwenye Hisabati yenyewe, au iko kwenye namna anavyofundishwa?

Kisha kile anachokipenda mtoto kipelekwe mbele kidogo, mpaka kifike mahali ambapo kinakutana na elimu. Papa potwe ni mfano mzuri kuliko yote kisiwani. Samaki huyu, mkubwa kuliko samaki wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, na mtoto wa hapo humjua tangu utotoni. Asichoambiwa ni kwamba madoa meupe ya papa potwe ni kama alama za vidole: hakuna wawili wenye madoa yanayofanana. Mwaka 2005 mtaalamu wa nyota Zaven Arzoumanian, mtengenezaji wa programu za kompyuta Jason Holmberg na mwanabaiolojia wa Australia Brad Norman walichapisha njia ya kuwatambua samaki hawa mmoja mmoja kwa picha za ubavuni, nyuma ya matamvua. Hesabu waliyoitumia ilikuwa imetungwa kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Kompyuta huchukua vidoa vitatu vitatu, hutengeneza pembetatu, kisha hutafuta pembetatu za namna hiyo katika picha za zamani.

Kijana anayeuliza pembetatu za darasani zina faida gani anaweza kuonyeshwa hilo. Na si hilo tu. Wavuvi na wageni waliamini kuwa msimu ukiisha papa potwe huhama. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa mlio wa kunaswa na mitambo iliyotegwa chini ya maji, wakagundua kuwa wengi hubaki karibu mwaka mzima, ila husogea mbali kidogo na pwani na kwenda kina kirefu zaidi. Swali la kweli kuhusu bahari ya Kilindoni, lililojibiwa hapo hapo Kilindoni. Baiolojia, Fizikia na Hisabati zimo ndani yake.

Mambo ya namna hii yamejaa kisiwani, na mzazi hahitaji kwenda Dar kuyatafuta. Juani, ambako kasa huja kutaga, shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na wanavijiji tangu mwaka 2001 kulinda viota: kila kiota huandikwa, tarehe huwekwa, na siku ya mayai kuanguliwa hukadiriwa, kwa kawaida baada ya miezi miwili hivi. Kijana mwenye mwandiko safi na subira anaweza kuomba kufuatana na walinzi hao wakati wa likizo. Huko ndiko kuanza kazi ya takwimu. Juani hiyo hiyo kuna magofu ya Kua, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya uchimbaji wa kiakiolojia kisiwani humo. Mtoto anayepita Kua akienda kuokota kuni na akasimama kuulizia msikiti ule ulijengwa na nani, huyo ana swali la chuo kikuu mdomoni.

Kuna mfano mwingine ambao wazee wa Kanga wanaufahamu. Mwaka 1965 alifika kijijini kwao mwanafunzi kutoka Uingereza aitwaye Pat Caplan. Aliishi nao, akaulizia mambo ya ardhi, koo, ndoa na ngoma. Alirudi tena na tena kwa miongo kadhaa, akaandika vitabu juu ya maisha ya Kanga, akawa profesa wa anthropolojia katika chuo cha Goldsmiths, London. Kijiji kimoja cha kaskazini mwa Mafia kilimtosha kwa maisha yote ya usomi. Kijana aliyezaliwa Kanga ana malighafi ile ile, tena lugha hakulazimika kujifunza, na bibi yake ndiye anayejua majibu. Anapopenda kukaa na wazee na kusikiliza nasaba na visa vya zamani, asifukuzwe akaambiwa akasome. Apewe simu arekodi, na daftari aandike.

Ufundi nao una cheti chake

Wazazi wengi wakisikia neno chuo hufikiri chuo kikuu tu, na mtoto asiyefika huko huhesabiwa ameshindwa. Fikra hiyo imewaumiza vijana wa pwani kuliko jambo lolote. Jibondo inajulikana kwa mafundi wake wa majahazi. Fundi wa Jibondo hafanyi kazi kwa ramani ya karatasi. Ana jicho lake, kamba, tezo na keekee, na mwanagenzi hujifunza kwa kukaa kando yake miaka mingi, akianza na kukalafati nyufa kwa pamba kabla hajaruhusiwa kugusa mkuku. Huo ni usomi kamili. Kasoro yake ni moja: kijana akitoka Jibondo kwenda kuomba kazi kwenye karakana ya boti Dar es Salaam, hana karatasi ya kuonyesha.

Karatasi hiyo inaweza kupatikana. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza ufundi kazini bila kupita darasani. Mzazi aulize ni fani zipi zinapimwa mwaka huo na lini, kwani orodha hubadilika. Useremala, uchomeleaji, umeme wa majumbani, ufundi wa magari na mitambo ni fani za kawaida za VETA, na zote zina soko kisiwani. Boti za faiba na mashine zake zinaongezeka mwaka hadi mwaka, hoteli za Utende zinahitaji majokofu yanayofanya kazi, na nyumba zinazopandishwa Kilindoni zinataka nyaya. Kijana anayefungua redio zilizokufa ana nafasi hapo.

Kwa anayependa bahari yenyewe, jina la kwanza la kulijua ni FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Kampasi yake ya Mbegani iko Bagamoyo, ndani ya mkoa huo huo wa Pwani, na mtoto wa Mafia hana sababu ya kutoifahamu. Hapo hufundishwa uvuvi, uchakataji wa samaki na ukuzaji wa viumbe maji kwa ngazi ya astashahada na stashahada. Anayetaka kuwa baharia wa meli kubwa aulizie Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Vyeti vya mabaharia hufuata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaoweka viwango vya mafunzo ya watu wa melini, ndiyo maana baharia aliyesomea Dar anaweza kuajiriwa na meli ya nchi nyingine. Hoteli na uongozaji watalii vinafundishwa katika Chuo cha Taifa cha Utalii. Na anayeangalia ndege zinazotua Kilindoni kila siku kwa macho ya kutamani, ajue kuwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, kina mafunzo ya mambo ya anga.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 822, ni mwajiri na pia ni darasa. Ofisi zake ziko Utende. Mwalimu wa sekondari anaweza kuandika barua kuomba wanafunzi wake watembelee, waone askari wa hifadhi wanafanya nini, nani anapima matumbawe, nani anatunza hesabu za viingilio, nani anaendesha boti. Hifadhi moja ina kazi za namna nyingi, na nyingi zake hazihitaji mtu wa kuzamia.

Kuna tahadhari moja. Kumpeleka mtoto kwa fundi au kwenye mashua ili ajifunze ni jambo jema, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa miaka 14 kuwa mwanzo wa kazi nyepesi, na kazi hiyo isidhuru afya wala masomo ya mtoto. Bamvua likija na pweza wakawa wengi mwambani, kishawishi cha kumtoa mtoto shule siku tatu nne ni kikubwa. Siku hizo zikijirudia kila mwezi kwa miaka minne, mtoto amepoteza sehemu kubwa ya masomo, na hakuna tuisheni itakayoirudisha.

Masomo yanayofunga milango

Uamuzi mzito kuliko wote hufanywa mapema, na mara nyingi hufanywa na mtoto peke yake. Katika utaratibu ambao shule nyingi zimeufuata kwa miaka mingi, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Rafiki zake wameacha, mwalimu wa somo ni mkali, naye anaacha. Siku hiyo hakuna anayemwambia kwamba amefunga mlango wa uuguzi na utabibu, kwa sababu vyuo vya afya hudai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia hata kwa ngazi ya stashahada. Kisiwa nacho hupoteza, maana muuguzi aliyezaliwa Mafia ana sababu ya kubaki kwenye hospitali ya Mafia. Basi mzazi asikubali mtoto aache masomo ya sayansi kabla hawajakaa pamoja na kuuliza: anayoyapenda yanahitaji masomo gani?

Ni vizuri pia mzazi ajue hesabu ya madaraja, kwani watoto wengi huambiwa wasome kwa bidii bila kuambiwa wanalenga wapi. Katika kidato cha nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, na la nne 26 hadi 33. Kuchaguliwa kidato cha tano cha serikali kunahitaji angalau C katika masomo matatu yasiyo ya dini, na jumla ya pointi isizidi 25. Kwa astashahada na stashahada katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, sharti la jumla huwa ni D nne, nazo pia bila kuhesabu masomo ya dini, kisha kila kozi huongeza masharti yake.

Hilo la masomo ya dini linahitaji kusemwa kwa sauti kisiwani, ambako mtoto aliyepita chuo cha Kurani hufanya vizuri katika Elimu ya Dini ya Kiislamu na nyumbani wakamhesabia kuwa amefaulu. Elimu hiyo ina thamani yake kubwa kwa maisha, ila haitamwingiza chuoni. Kiarabu ni jambo jingine: hicho ni somo la lugha linalotahiniwa na Baraza la Mitihani, na mtoto aliyezoea kusoma herufi zake tangu ana miaka sita amekwisha tangulia wenzake wa bara.

Kwa anayekwenda kidato cha tano, tahasusi si PCB, PCM, HGL na HKL tu. Mwaka 2024 serikali ilitangaza orodha mpya iliyofikisha tahasusi 65, na zimo za lugha, biashara, michezo, sanaa na elimu ya dini. Anayetaka sayansi za bahari hatakosea akichukua tahasusi yenye Baiolojia, kama CBG au PCB. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, na huko Kunduchi kina skuli inayofundisha sayansi za maji na teknolojia ya uvuvi. Kuingia chuo kikuu kwa kawaida kunataka masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1.

Asiyechaguliwa kidato cha tano bado ana njia ya kufika hapo hapo. Stashahada yenye wastani wa 3.0 inakubalika kuombea shahada. Kijana anaweza kupita Mbegani, akafanya kazi, kisha akaomba chuo kikuu akiwa na ujuzi ambao mwenzake wa kidato cha sita hana. Wazazi wengi hawajui kuwa barabara hii ipo, na ni barabara nzuri.

Mabinti

Msichana wa Mafia huanza kuambiwa habari za kuolewa kabla hajaambiwa habari za chuo. Mzazi anayetaka bintiye afike mbali amwonyeshe wanawake waliofika. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Tanzania aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, amejenga jina lake kwa mwani, zao lile lile ambalo wanawake wa visiwani hulifunga kwenye kamba maji yakitoka. Amewafundisha wakulima kuusaga na kuutengenezea sabuni na bidhaa nyingine ili bei iwe juu kuliko ya mwani mkavu uliojazwa guniani. Dk. Narriman Jiddawi wa taasisi hiyo hiyo amefanya kazi miongo kadhaa juu ya uvuvi na elimu ya bahari Zanzibar. Binti anayemsaidia mama yake kwenye mwani Jibondo anaweza kuwasoma hawa wawili na kuona kuwa kazi ya mama yake ina maabara upande wa pili.

Umbali wa shule ni jambo la kushughulikiwa mapema. Binti anayekaa kisiwa kidogo na kusoma kisiwa kikubwa anahitaji mahali salama pa kulala, iwe hosteli au kwa shangazi anayeaminika, na mzazi aende mwenyewe kuona chumba. Na ikitokea amepata ujauzito, mlango haujafungwa tena: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni. Anayeona aibu kurudi darasa lile lile anaweza kusoma sekondari kwa njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya mtihani ule ule wa taifa.

Majina, vyeti na pesa

Sehemu hii haina utamu, lakini huangusha vijana wengi kuliko Hisabati. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Saidi. Shuleni aliandikishwa Hamisi Said. Cheti cha kidato cha nne kimetoka na Hamisi Saidi Omari, na kitambulisho cha NIDA kina jina la nne. Kwa watu wa kijiji huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ya Bodi ya Mikopo ni watu wanne. Kurekebisha jina baada ya mtihani ni safari ndefu ya viapo na nauli. Kulilinganisha kabla ya usajili wa mtihani ni kazi ya asubuhi moja ofisini kwa mkuu wa shule. Mtoto akiwa kidato cha kwanza, mzazi aende na cheti cha kuzaliwa mkononi ahakikishe herufi kwa herufi. Asiye na cheti aanze mwaka huo huo, bila kungojea kidato cha nne.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vilevile. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF itunze namba yake, kwa kuwa fomu ya mkopo huiulizia. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mkopo hutolewa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada za vipaumbele, na orodha ya kozi hizo hutangazwa kila mwaka. Anayeomba aisome kabla ya kuchagua chuo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23, ni kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Aliyepewa mkopo ajue tangu mwanzo kuwa atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Ada ya sekondari ya serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Ada kuondoka hakukuondoa gharama. Mtoto wa Mafia aliyepangiwa shule ya Tabora anavuka kwa MV Kilindoni au boti nyingine hadi Nyamisati, anapanda gari hadi Dar, kisha safari ya bara ndiyo kwanza inaanza. Na godoro, sare na ndoo vinamngoja. Aliyekwenda chuo hukaa wiki za kwanza bila bumu, kwani pesa ya mkopo haifiki siku ya kufungua. Familia ianze kuweka akiba mtoto akiwa kidato cha pili, kidogo kidogo kila mauzo ya nazi au pweza, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mama tayari ni mwanachama. Pesa hiyo iwe na jina la mtoto na isiguswe kwa harusi ya mtu.

Miezi saba itumikeje

Turudi kwenye Novemba. Mwezi huo kijana apumzike na asaidie nyumbani, amestahili. Desemba aanze kujifunza kitu kimoja, si vitano. Anayeelekea sayansi asome vitabu vya kidato cha tano kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo haitozi pesa, au kwenye Shule Direct, jukwaa la masomo lililoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013. Kama nyumbani hapana intaneti, apakue kurasa nyingi siku anayokwenda Kilindoni, asome wiki nzima. Anayeelekea utalii atafute Kiingereza cha kuzungumza na watu, kisha aongeze Kiitaliano au Kifaransa. Anayeelekea ufundi akae kwa fundi, aandike kila siku alichofanya, apige picha za kazi yake tangu ubao wa kwanza hadi wa mwisho.

Matokeo yakitoka Januari, mzazi na kijana waketi siku hiyo hiyo na machaguo aliyojaza shuleni kwenye fomu ya machaguo, Selform. Je, tahasusi aliyoiomba inalingana na alama alizopata? Je, kuna chuo ambacho sasa kinamfaa zaidi? Dirisha la kubadili linapofunguliwa na TAMISEMI, hukaa wazi kwa muda tu. Mtu mmoja kijijini, mwalimu au kijana aliyeko chuo, apewe jukumu la kufuatilia tangazo hilo na kupiga simu kwa kila nyumba yenye mtahiniwa. Misikiti ina vipaza sauti vinavyotangaza misiba na mikutano. Tangazo la Selform linaweza kupita hapo hapo baada ya sala ya Ijumaa.

Na yule ambaye matokeo yamemwendea vibaya asiachwe akaanza kukwepa watu. Anaweza kurudia masomo machache tu kama mtahiniwa wa kujitegemea, na akichanganya alama mpya na za zamani akatimiza zile D nne au C tatu. Usajili wake hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, Januari, na anayechelewa hutozwa faini au hungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo wiki ile ile ya matokeo, wakati nyumbani bado wana huzuni, mtu mmoja achukue karatasi yake ya matokeo, aende naye kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu, aulize ada, achague naye masomo mawili au matatu ya kurudia, na wakubaliane ni nani atakayemfundisha Hisabati jioni.